Kisigino cha Baba Yako

Mwanangu Sefu,

Ama baada ya salamu, ambazo leo ni za bure maana tumeamkiana asubuhi hii hii na ukanimalizia mbaazi zote sufuriani, nataka kukuandikia jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema. Wewe umekwenda Pangani kumuaga shangazi yako Mwanahamisi. Mimi nimebaki peke yangu, nyumba imenyamaza, jua la alasiri limeingia mpaka mezani. Kalamu niliyoipata ni ile ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, ndiyo maana wino ni mwekundu. Usiogope wino, hujafeli kitu.

Sitakwambia uvae nini huko Mombasa uendako kesho wala ulale saa ngapi. Sabuni utajua kununua, na ukilala bila chandarua mbu watakufundisha vizuri kuliko mimi. Miaka yote hii nimesimama mbele ya wasichana wa sayansikimu nikiamuru, osha, pepeta, koroga, funika. Nimechoka kuamuru, nawe umechoka kuamriwa. Barua hii ina jambo moja tu, nalo liko mguuni mwako.

Unalijua. Ndilo tuliloligombania wiki iliyopita mpaka ukatoka bila kula, na wewe si mtu wa kuacha chakula.

Nilipoolewa kutoka Muheza sikujua kwamba naolewa na kisigino. Sisi Wabondei visigino vyetu ni vyembamba, hatuna habari navyo, tunavisugua kwa jiwe na kwenda zetu. Nikaingia kwa kina baba yako nikakuta watu wanajivunia kano la nyuma ya mguu kama wengine wanavyojivunia mashamba. Wakanihadithia kwamba babu wa babu yao alibeba mizigo kutoka Pangani mpaka milimani kwa miguu, akipanda na kushuka, hata kano la kisigino chake likanenepa, na tangu hapo kila mwanamume halisi wa ukoo huzaliwa na nguvu ile, ikajitokeza akishakuwa kijana. Na desturi ikawa kwamba mwanamume wao haoi wala hasafiri safari ndefu mpaka shangazi yake amkalishe kitini, apige goti, ambane kano kwa vidole viwili. Likiwa nene, anapiga kigelegele na kusema, huyu ni wetu. Likiwa jembamba, ananyamaza, na mama mtu anatafuta pa kuweka uso wake.

Nilicheka sana, wallahi. Baadaye nikaacha kucheka, nikapenda.

Nilipenda kwa sababu ya viatu. Baba yako hakuwa na kiatu chenye mgongo. Kano lake lilikuwa nene, unalikumbuka, ukilishika utadhani umeshika mpini wa mwiko. Kiatu chochote kilimkwaruza, basi alikikanyaga nyuma kikageuka kandambili. Jioni akirudi kutoka kwenye mitambo ya mkonge nilimsikia tangu kwenye ua wa michongoma, pwa, pwa, pwa, nami ndipo nilipoinjika birika. Wewe ulikuwa ukitambaa. Ukisikia pwa, pwa, unaacha ulichoshika, unageuza uso mlangoni. Miaka imepita, nami mpaka leo mtu akiburuza viatu njiani mkono wangu unatafuta birika.

Sasa nikupeleke kwenye miaka ambayo wewe unaikumbuka kwa rangi ya ugali tu, ule wa unga wa njano. Mkonge ulikuwa umeanguka bei, mitambo inasimama nusu mwezi, maduka yana rafu na mwenye duka lakini hayana kitu. Tuliambiwa tufunge mikanda, tukafunga mpaka matundu yakaisha. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Mafuta ya kupikia yakawa jambo la kunong'onezana. Aliyeyapata alikaanga dirisha limefungwa, na harufu ikamsaliti vilevile. Hata nazi, na hapa ni pwani, mwanangu, zilikuwa zikipakiwa kwenda kuuzwa kwingine, nasi tunakula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi. Lakini nakwambia kweli, nikikumbuka siku zile sikumbuki njaa kwanza. Nakumbuka tukila sinia moja, baba yako akikusogezea kipande chake kwa ncha ya kidole akidhani simwoni.

Ami yako Rajabu alikuwa akikaa nasi. Mdogo wa baba yako, mrefu, mwembamba, winga wa kushoto, mwenye kano nene kuliko hata la kaka yake. Uwanjani wakimshangilia walitaja kisigino chake, si jina lake. Siku moja ilisemekana mafuta yameletwa kwenye duka la ushirika. Nikampa Rajabu dumu akapange foleni, maana mimi nilikuwa na vipindi. Alisimama tangu alfajiri. Jua lilipopanda akamwambia aliye nyuma yake amshikie nafasi, akakaa chini, akajishika kifua. Foleni iliposogea yeye hakusogea. Alikuwa hajafika miaka thelathini na mitano.

Mtaa mzima ulisema njaa imemuua. Nani angebisha? Alikuwa amekonda, dumu tupu liko kando yake. Na hapo, Sefu, ndipo tulipojifunza somo letu, tukalijifunza kinyume, tukalishika kwa mikono miwili. Baba yako aliyekuwa hasemi sana aliniambia siku ya hitima kwamba ndugu yake kafa kwa kukosa mafuta, na Mungu akimpa uzima nyumba yake haitakosa mafuta tena.

Basi ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ikaja. Njia hiyo utakayopita kesho, ya mpakani Horohoro, ikaanza kuleta kila kitu mchana kweupe, vitu ambavyo jana vilipita porini usiku. Baba yako naye akaacha mitambo, akaanza kupeleka machungwa ya Muheza Mombasa, na kila akirudi alirudi na kopo la mafuta. La kwanza kabisa aliliweka katikati ya meza tukalizunguka, wewe ukalipapasa. Nikawasha moto, nikakaanga mpaka vitu visivyokaangwa. Ulikula bajia ukalala na nyingine mkononi. Baba yako alikula akiwa amefumba macho, kisha akasema, kwa sauti ya chini, Rajabu angekuwepo.

Ile ilikuwa miaka mizuri, sitaki kukudanganya kwa sababu ya yaliyofuata. Mahamri kila asubuhi, samaki wa kukaanga kila jioni, karai halikupoa. Nilimpenda baba yako, Sefu, nami sikujua namna nyingine ya kumwambia. Mwanamke wa kwetu hasemi nakupenda mchana, anamwongezea mtu mchuzi. Nilimwongezea mpaka siku ile aliposwali alfajiri, akaenda kuvaa viatu vyake, nikasikia pwa moja, nikangoja ya pili.

Nilikaa eda nikiwa na jambo moja kichwani. Rajabu kafa kwa kukosa mafuta, baba yako Bakari kafa ameshiba mafuta. Kama la kwanza ni kweli, la pili linakuwaje? Watu walinipa pole na kuniambia ni kazi ya Mungu, nami naamini ni kazi ya Mungu. Lakini mwalimu akipata majibu mawili yanayogombana hawezi kulala.

Nilipotoka eda nilikwenda kwa Nasrini. Unamjua kama daktari mwenye miwani wa kule hospitali. Mimi namjua kama mtoto wa duka la kona, Muhindi mdogo mwenye mikia miwili ya nywele za kusuka, aliyeniunguzia sufuria ya shule ya ugali. Mpaka leo akiniona anasimama, shikamoo Mwalimu, nami namwambia marahaba, sufuria yangu iko wapi? Nikamweleza vifo viwili. Alisikiliza, kisha hakuniuliza walikula nini. Aliniuliza kama kuna uvimbe wowote walikuwa nao pamoja, wa kwenye vifundo vya vidole, viwiko, au nyuma ya visigino.

Visigino, mwanangu. Nikamwambia hilo si uvimbe, ni kano la ukoo. Yeye akavua miwani yake, akaifuta.

Haya, nikueleze alivyonieleza, kwa maneno ya jikoni kwa kuwa ndiyo niliyo nayo. Damu ya kila mtu ina mafuta, hata ya mla muhogo mkavu, kwa sababu ini lenyewe linayatengeneza. Ini hilo hilo ndilo lenye kazi ya kuyazoa yanapozidi. Ini la watu wa ukoo wenu, wenye ile alama, lina mikono michache ya kuzoa, basi mafuta yanabaki njiani yanazunguka tangu utotoni. Mwenye nayo anaweza kuwa mwembamba kama ufito. Damu yake ukiitazama kwenye chupa ni safi, huoni kitu, mpaka ipimwe kwa dawa zake.

Nikamuuliza, yakizunguka yana ubaya gani? Mafuta yanateleza. Akasema hapana, mafuta hayo ndiyo yanayofanya chembe nyeupe za damu zinate kwenye kuta za mishipa. Hapo nikambishia. Nimezaliwa Muheza mimi, fenesi nalijua. Kabla ya kulipasua unajipaka mafuta mikononi, na ulimbo ukishakushika ni mafuta yanayoutoa. Leo mtoto niliyemfundisha kupika ananiambia mafuta yananatisha?

Alicheka, halafu akasema, “Mwalimu, mafuta si ulimbo. Ukuta wa mshipa ndio unaotoa ulimbo, ukishaumizwa na mafuta.”

Ukuta wa mshipa kwa ndani ni laini, anasema, na chembe nyeupe, ambazo ni walinzi wa mwili, hupita juu yake bila kushikwa. Mafuta yakizidi, mengine hupenya chini ya ule utando laini, yakakaa humo. Mafuta yaliyokaa pabaya hufanyaje? Hilo sikuhitaji kuambiwa, yanachacha. Yakichacha yanawasha, na utando ukiwashwa unaita msaada. Namna yake ya kuita ni kuotesha vishikizo vidogo upande wa damu. Mlinzi akipita anakwama kidogo, anaachia, anabingirika, anakwama tena, mwisho ananata. Kisha anajipenyeza ndani ya ukuta kwenda kusafisha. Anakula yale mafuta yaliyochacha, anakula, anakula, mpaka anavimba kama donge la povu na hawezi tena kutoka. Anayemfuata naye hivyo hivyo. Ukuta unanenepa kwa ndani, kimyakimya, miaka. Siku moja pale pembamba panapasuka, damu inaganda kuziba, na moyo unakosa damu.

Nililia pale pale kwenye kiti cha wagonjwa. Sikulilia mafuta, nililia wale walinzi. Wanakuja kwa nia njema, wanakula kilichowekwa mbele yao, wanafia humo. Nikamwona baba yako mezani kwangu, amefumba macho.

Nikamwambia Nasrini kwamba basi ni mimi niliyemuua kwa karai. Kwa muda mrefu ndivyo nilivyoamini, na nataka ujue hivyo, kwa sababu uliponiona nimeacha kukaanga ghafla ulidhani nimekuwa bahili. Nasrini alinishika mkono. Akasema karai huongeza, hawezi kunificha, lakini Rajabu hakuwa na karai. Rajabu alikufa akiwa na dumu tupu, na damu yake imejaa. Kisha akaniambia lile ambalo nimelibeba mpaka leo. Kano lile la kisigino, ambalo ukoo mzima umelipigia vigelegele tangu enzi za babu wa babu, ni mafuta yale yale, na walinzi wale wale waliovimba. Yaliyoko kwenye moyo hayaonekani, lakini mwili umeweka mengine kisiginoni mahali pa kushikika kwa vidole viwili. Na sisi tulikuwa tukiyashika, Sefu. Tulikuwa tukiyashika kila tulipomwoza kijana.

Wiki iliyopita shangazi yako alikuja kwa dua ya safari yako. Akakukalisha kwenye kiti cha baba yako, akapiga goti, akakubana. Kigelegele alichopiga kilisikika mpaka barabara ya pili. Wewe ukacheka ukanyoosha mguu watu wauone. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la halua, nikaliweka chini bila kugawa.

Siku ya pili nilikwambia yote, vibaya, kwa haraka, kwa sauti ya darasani, kosa langu la siku zote. Nikakwambia Nasrini anasema Mombasa kuna hospitali inayopima mafuta ya damu, na kuna vidonge siku hizi vya kulisaidia ini kuzoa, na kijana anayeanza mapema anaweza kuzeeka. Ukanitazama kama mtu aliyetukaniwa marehemu wake. Ukasema, “Mama, hiki ndicho kitu pekee cha baba nilicho nacho mwilini. Unataka nikaitwe mgonjwa kwa ajili yake?”

 Ulikuwa na haki, baba. Uso una wangu, rangi una yangu, hata hasira ni zangu. Cha Bakari ni kisigino, na ule mwendo wa kukanyaga viatu nyuma. Ulipotoka ukibamiza mlango niliusikia mwendo wake ukishuka ngazi, nikakaa chini.

Basi kesho yake, wewe ukiwa kwa rafiki zako, nilipanda basi nikaenda Pangani peke yangu. Nilikwenda kugombana na shangazi yako. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, kwamba desturi hii iishe, na kwamba yeye ndiye aibomoe maana yeye ndiye mwenye vidole. Nilijua atanijibu kwamba mimi ni mwanamke wa kuja, nisiye na kisigino cha kusemea. Nilivuka kivuko, nikapanda ule mwinuko wa kwenda kwake, nikamkuta amekalia mbuzi anakuna nazi.

Nilimweleza kila kitu. Hakuacha kukuna mpaka nilipofika kwenye maneno ya Nasrini kuhusu kano. Hapo aliacha. Nazi ikabaki mkononi mwake nusu imekunwa. Akaniuliza tena, polepole, kama kweli Rajabu angeweza kujulikana mapema kwa kisigino. Nikamwambia ndiyo. Na Bakari? Nikamwambia ndiyo.

“Nimewazika wadogo zangu wawili,” akasema, “na wote wawili niliwapigia kigelegele.”

Sijapata kumwona mtu mzima akilia vile, bila sauti, machicha yametapakaa mapajani. Nikapiga goti mbele yake kumshika. Ndipo aliponyoosha mguu wake, akapandisha kanga, akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia mtu akiliuliza katika ukoo ule. Ni mwanamke gani amewahi kubanwa kisigino?

Nikambana. Ni lile lile, Sefu. Nene, gumu, la baba yako kabisa. Nikafumba macho nikiwa nimelishika, Mungu anisamehe, kwa sababu kwa kitambo kidogo nilikuwa nimemshika Bakari. Kisha nikakumbuka kwamba shangazi yako kila akipanda kutoka kivukoni husimama katikati, hujishika kifua, husema ni upepo umemjaa, na sisi humcheka kwamba kazeeka.

Sasa nakwambia nililokuficha. Hakukuita Pangani leo ili umuage tu. Anarudi nawe jioni hii, na wewe unadhani anakuja kukusindikiza stendi. Hakusindikizi, anasafiri nawe. Nasrini ameniandikia barua kwa wenzake wa hospitali ya Mombasa, nayo iko kwa shangazi yako, kaikunja kwenye pindo la kanga. Nilitaka kuipeleka mwenyewe kwa kukuburuta, akanikataza. Akasema aliyemtangaza kijana ndiye atakayetangulia kutoa mkono upimwe damu, na wewe ukitaka utatoa wako baada yake, na usipotaka utakuwa umemfikisha shangazi yako hospitali, hakuna kijana wa kwao atakayeshindwa na hilo.

Sikuamuru. Naomba umshike mkono kwenye ngazi za basi, umpe kiti cha dirishani, na akisimama njiani kushika kifua usimcheke, simama naye. Mkifika huko kaa karibu yake wakati sindano inaingia, maana ni mwoga wa sindano kuliko watoto wote niliowafundisha. Yatakayotokea baada ya hapo kwenye mkono wako mwenyewe nakuachia wewe. Jua tu kwamba hakuna dawa itakayokunyang'anya mwendo wa baba yako. Huo haumo kwenye damu. Uliuokota sakafuni ulipokuwa ukitambaa, ukimtazama akiingia.

Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa begi, chini ya mahamri. Ndiyo, nimekupikia mahamri ya safari, machache, ya kuoka, usikunje uso. Uisome usiku huu utakapofungua begi kuyaonja, kabla hamjapanda basi.

Nasikia viatu uani. Pwa, pwa. Umerudi. Na nyuma yako kuna mwingine anayeburuza viatu vile vile, pwa, pwa, polepole, anasimama, anaanza tena. Miaka yote hii ameingia nyumbani kwangu nami sikumsikia.

Naiacha kalamu hapa, niinjike birika.

Mama yako